Noti Bandia na Malipo Bila Fedha Taslimu: Mambo ya Kuzingatia kwa Wananchi wa Kanda ya Kati

Noti bandia haina thamani yoyote, na hasara yake humwangukia mtu wa mwisho aliyeipokea. Benki haimfidii anayeiwasilisha, na sheria haimruhusu kuipitisha kwa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo, ulinzi wa kwanza dhidi ya noti bandia hufanyika pale noti inapopokelewa: kwenye meza ya mnunuzi wa mahindi, katika mnada wa mifugo, dukani na kwa wakala wa fedha.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa mikoa ya Kanda ya Kati. Dodoma, ambayo kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ina wakazi 3,085,625, ni makao makuu ya nchi na pia ni mkoa wa wakulima na wafugaji. Mahindi, alizeti, mtama, zabibu, karanga na mifugo huuzwa kwa msimu, na sehemu kubwa ya kipato cha kaya kwa mwaka mzima inaweza kupatikana kwa siku moja au mbili za mauzo. Pale malipo hayo yanapofanyika kwa noti, familia huweka jasho la mwaka mzima katika bunda moja la karatasi.

Mfano wa hesabu unaonesha ukubwa wa hatari hiyo. Mkulima anayeuza mazao ya shilingi 1,500,000 na kulipwa kwa noti za shilingi 10,000 hupokea noti 150. Noti tano tu kati ya hizo zikiwa bandia, amepoteza shilingi 50,000 kabla hajaondoka sokoni, na huenda asilitambue hilo hadi siku anapokwenda kununua mbegu.

Mamlaka ya kutoa fedha nchini

Benki Kuu ya Tanzania ndiyo taasisi pekee yenye mamlaka ya kutoa noti na sarafu nchini, kwa mujibu wa Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006. Benki hiyo ilianza kazi tarehe 14 Juni, 1966. Kabla ya hapo, Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda zilitumia shilingi ya Afrika Mashariki iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo kilichoanzishwa mwaka 1919.

Historia ya Kanda ya Kati na maeneo jirani ina funzo lake kuhusu fedha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Kijerumani ulipozuiwa kupata fedha kutoka Ulaya, ulichapisha noti za dharura humu nchini, na mwaka 1916 ukatengeneza sarafu mjini Tabora. Vita vilipokwisha na utawala huo kuondoka, watu waliobaki na noti zile walibaki na karatasi tupu. Thamani ya noti haitokani na karatasi yenyewe. Hutokana na imani kwamba taasisi iliyoitoa inaitambua na itaendelea kuitambua. Anayeghushi noti huiba imani hiyo, na ndiyo maana kosa hilo huchukuliwa kuwa ni dhidi ya umma mzima.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inakataza kughushi noti. Aidha, ni kosa kununua, kupokea au kumiliki noti za kughushi huku mhusika akijua kuwa ni za kughushi. Neno "akijua" lina maana kubwa kwa mwananchi wa kawaida. Aliyepokea noti bandia bila kujua ni mwathirika. Aliyekwisha kuitambua kisha akaamua kuipeleka sokoni jioni, mahali penye mwanga hafifu, ili hasara imhamie mwingine, ameingia katika uhalifu.

Noti zilizo halali kwa sasa

Utambuzi wa noti bandia huanza na kuzifahamu noti halali. Noti zinazotumika kwa sasa ni za toleo la mwaka 2010, ambazo ni shilingi 1,000 yenye picha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, shilingi 2,000 yenye picha ya simba, shilingi 5,000 yenye picha ya kifaru na shilingi 10,000 yenye picha ya tembo. Toleo hilo lilikuwa pia na noti ya shilingi 500 yenye picha ya Sheikh Abeid Amani Karume, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sarafu ya shilingi 500 iliyoingizwa katika mzunguko mwaka 2014.

Mwaka 2025 yalifanyika mabadiliko mawili ambayo wananchi wanapaswa kuyatofautisha. La kwanza ni kuondolewa kwa noti za zamani. Kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili, 2025, wananchi walitakiwa kubadilisha noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya toleo la mwaka 2010, katika ofisi za Benki Kuu na benki za biashara. Baada ya muda huo, noti hizo si fedha halali kwa malipo. Anayeletewa noti ya zamani kwa maelezo kwamba "bado inabadilishwa benki" anapaswa kuikataa.

La pili ni kuingizwa katika mzunguko, kuanzia mwezi Februari 2025, kwa noti za toleo la mwaka 2010 zenye saini ya Dkt. Mwigulu Lameck Nchemba, aliyekuwa Waziri wa Fedha, na ya Gavana wa Benki Kuu, Bw. Emmanuel Mpawe Tutuba. Kilichobadilika ni saini. Noti za toleo hilohilo zenye saini za viongozi waliotangulia zinaendelea kutumika sambamba na hizo. Tofauti ya saini peke yake haithibitishi kuwa noti ni bandia, na mfanyabiashara anayeikataa noti halali kwa sababu hiyo humsumbua mteja bila msingi.

Nchi jirani ya Kenya ilipitia zoezi linalofanana na hilo mwaka 2019. Noti za zamani za shilingi 1,000 za nchi hiyo zilipewa ukomo wa tarehe 30 Septemba, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa kukabiliana na fedha haramu na noti za kughushi. Noti zenye thamani ya takriban shilingi za Kenya bilioni 7.4 hazikurejeshwa na zikapoteza thamani. Zoezi la namna hiyo huonesha umuhimu wa wananchi, hasa wa vijijini, kufuatilia matangazo rasmi kwa wakati na kutohifadhi akiba kwa miaka mingi ndani ya nyumba.

Namna ya kukagua noti

Ukaguzi wa noti hauhitaji mashine. Unahitaji vidole, macho, mwanga wa kutosha na sekunde chache. Hatua zake ni hizi zifuatazo.

Kwanza, kupapasa. Noti halali huchapishwa kwenye karatasi maalumu iliyo imara, na baadhi ya picha na maandishi yake huwa na mwinuko unaohisiwa kwa kidole kama mkwaruzo. Noti iliyotolewa kwa mashine ya kawaida ya kuchapishia huwa laini pande zote, au huwa na ulegevu wa karatasi ya daftari.

Pili, kumulika. Noti ikiinuliwa kuelekea kwenye mwanga, taswira ya Baba wa Taifa hujitokeza ndani ya karatasi, mahali ambapo kwa kawaida huonekana patupu. Taswira hiyo, inayojulikana kama alama ya maji, imetengenezwa pamoja na karatasi yenyewe. Katika noti bandia, mara nyingi huwa imechorwa juu ya karatasi, hivyo huonekana hata bila kumulikwa.

Tatu, kuangalia utepe. Noti halali ina utepe maalumu uliopita ndani ya karatasi. Katika noti za thamani kubwa, mwonekano wa utepe huo hubadilika noti inapoinamishwa huku na huku. Utepe uliobandikwa kwa gundi au kuchorwa kwa wino unaong'aa haubadiliki hivyo, na wakati mwingine hubanduka kwa ukucha.

Nne, kulinganisha. Noti yenye shaka iwekwe kando ya noti inayojulikana kuwa halali, ya thamani ileile, na zilinganishwe kwa ukubwa, rangi na ukali wa mistari. Noti nyingi katika bunda moja zenye namba inayofanana ni ishara ya wazi ya kughushi, kwa kuwa kila noti halali ina namba yake.

Wafanyabiashara wenye mauzo makubwa wanaweza kutumia taa maalumu ya kukagulia noti. Karatasi ya kawaida hung'aa chini ya taa hiyo, ilhali karatasi ya noti halali haing'ai kwa namna hiyo. Hata hivyo, alama moja peke yake haitoshi. Ni busara kukagua angalau alama mbili au tatu.

Utunzaji wa noti nao ni sehemu ya ulinzi. Noti iliyokunjwakunjwa, kulowa jasho au kuchafuka kwa mafuta ni vigumu kuikagua, kwa sababu mkwaruzo wake umefifia na alama ya maji haionekani vizuri. Noti chakavu zipelekwe benki zibadilishwe badala ya kuzungushwa sokoni.

Mahali ambapo noti bandia hupenya

Wanaosambaza noti bandia huchagua mazingira kuliko watu. Mazingira hayo ni yale yenye haraka, mwanga hafifu, msongamano na fedha nyingi kuhesabiwa kwa wakati mmoja. Masoko makubwa ya nafaka kama Kibaigwa, wilayani Kongwa, kandokando ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, hukutanisha wakulima, madalali na wanunuzi kutoka mikoa mbalimbali na nchi jirani. Minada ya mifugo huwakutanisha watu wasiofahamiana, ambao huenda wasionane tena. Katika mazingira ya namna hiyo, noti chache zinaweza kuchanganywa katikati ya bunda huku zile za juu na za chini zikiwa halali.

Njia nyingine ni ya chenji. Mtu hununua bidhaa ya bei ndogo kwa noti ya shilingi 10,000 iliyo bandia, akaondoka na bidhaa pamoja na chenji ya fedha halali. Walengwa huwa ni mama lishe, wauza mboga, waendesha bodaboda na maduka madogo, hasa nyakati za jioni.

Anayetilia shaka noti kabla ya kuipokea ana haki ya kuomba noti nyingine. Anayeigundua baada ya kuipokea anapaswa kuitenga, kuandika kumbukumbu ya mahali, saa na aliyeitoa iwapo anafahamika, na kuifikisha katika kituo cha polisi, benki iliyo karibu au ofisi ya Benki Kuu. Kuitaarifu mamlaka hakumrudishii fedha yake, lakini huziwezesha mamlaka kufuatilia chanzo kabla hasara haijawafikia wengine.

Malipo bila fedha taslimu

Ukaguzi wa noti hupunguza hatari. Malipo ya kielektroniki huiondoa kabisa hatari ya noti bandia katika muamala husika, kwa kuwa hakuna karatasi inayobadilishana mikono. Vilevile humwondolea mkulima na mfanyabiashara hatari ya kuporwa akiwa njiani na fedha nyingi mfukoni.

Msingi wa kisheria wa malipo hayo ni Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, inayoipa Benki Kuu jukumu la kuisimamia mifumo hiyo, ikiwemo huduma za fedha kwa simu. Huduma hizo zilianza nchini mwaka 2008. Mwaka 2014 baadhi ya kampuni za simu zilianza kuwawezesha wateja wao kutumiana fedha moja kwa moja kati ya mtandao mmoja na mwingine, na kufikia mwaka 2016 utaratibu huo ulikuwa umezihusisha kampuni zote kubwa. Baadaye Benki Kuu ilijenga Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo, unaojulikana kwa kifupi kama TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu, pamoja na alama ya pamoja ya malipo iitwayo TANQR, ambayo mteja huisoma kwa kamera ya simu na kulipa bila kujali mtandao anaoutumia.

Serikali nayo ilibadili namna inavyopokea fedha. Kuanzia mwaka 2017, Mfumo wa Kielektroniki wa Ukusanyaji wa Mapato ya Serikali umewezesha mwananchi kupewa namba ya malipo na kulipa kodi, leseni, bili ya maji au ada kupitia benki au simu. Wasafiri wa treni ya mwendokasi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti, 2024, wanaweza kukata tiketi kwa njia ya mtandao. Mkulima anayeuza kupitia Mfumo wa Stakabadhi za Ghala hulipwa kupitia akaunti yake.

Matokeo ya utafiti wa FinScope Tanzania wa mwaka 2023 yalionesha kuwa asilimia 76 ya watu wazima walikuwa wakitumia huduma rasmi za fedha, ikilinganishwa na asilimia 65 mwaka 2017. Hii ina maana kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa bado nje ya huduma hizo, akitegemea noti kwa kila kitu. Huyo ndiye anayehitaji zaidi elimu ya kukagua noti.

Ujumbe bandia ni sawa na noti bandia

Malipo ya simu yana udanganyifu wake. Matapeli humwonesha muuzaji ujumbe mfupi unaofanana na ule wa kampuni ya simu, ukieleza kwamba fedha zimeingia, ilhali hakuna kilichoingia. Kama ilivyo kwa noti bandia, anayekubali ujumbe huo bila kuukagua hubeba hasara mwenyewe.

Kanuni ya msingi ni moja: kinachothibitisha malipo ni salio. Kabla ya kuachia magunia au ng'ombe, muuzaji aingie mwenyewe katika menyu ya huduma ya fedha kwenye simu yake na kuangalia salio. Ujumbe uliotoka katika namba ya kawaida ya simu, badala ya jina la huduma husika, utiliwe shaka. Picha ya muamala katika simu ya mnunuzi si uthibitisho.

Namba ya siri haipaswi kutolewa kwa mtu yeyote, awe wakala, ndugu au anayejitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni ya simu. Anayepokea ujumbe wa kitapeli anaweza kuutuma pamoja na namba iliyouleta kwenda namba 15040. Kwa kupiga *106#, mwananchi anaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, ili asije kuhusishwa na utapeli uliofanywa kwa laini asiyoifahamu. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza tarehe 1 Mei, 2019, umeweka msingi wa ufuatiliaji huo.

Malalamiko kuhusu benki au mtoa huduma za fedha huwasilishwa kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Yasipopatiwa ufumbuzi, yanaweza kufikishwa Benki Kuu kwa mujibu wa Kanuni za Kuwalinda Watumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019.

Gharama na mipaka yake

Wananchi wengi hulipima suala hili kwa gharama. Tozo ya miamala iliyoanza tarehe 15 Julai, 2021 ilileta malalamiko, na Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo, kisha ikaendelea kuifanyia marekebisho katika miaka iliyofuata. Uzoefu huo ulidhihirisha kwamba uamuzi wa mwananchi wa kulipa kwa simu au kwa noti hutegemea sana makato anayoyaona katika salio lake.

Sehemu kubwa ya gharama inaweza kupungua kwa kubadili mazoea. Mkulima anayelipwa kwa simu, kisha akatoa fedha zote kwa wakala jioni ileile, amelipia huduma na amerudi kwenye noti zilezile zinazohitaji kukaguliwa. Faida huonekana fedha zinapobaki katika akaunti na kutumika humohumo: kulipa muuza pembejeo kwa Lipa Namba, kununua umeme, kulipia maji na kuweka akiba, huku kiasi kidogo tu kikitolewa kwa matumizi ya siku. Kabla ya muamala mkubwa, pande mbili zikubaliane mapema nani atabeba makato, ili mzozo usizuke baada ya mzigo kupakiwa.

Pamoja na hayo, yapo maeneo ya vijijini ambako mtandao hukatika, simu huishiwa chaji na wakala hukosa fedha za kutosha. Wapo wazee wasiomiliki simu. Noti na sarafu zitaendelea kuwa fedha halali, na hakuna anayelazimika kuziacha. Linalohimizwa ni kwamba malipo makubwa, ambayo kuharibika kwake kunaweza kuitikisa kaya, yapitishwe benki au kwenye simu kila inapowezekana. Na yale yanayobaki kufanywa kwa noti yafanyike mchana, kwa utulivu, noti zikihesabiwa na kukaguliwa moja moja mbele ya aliyezitoa.

Viongozi wa masoko, vyama vya ushirika na serikali za vijiji wanaweza kusaidia kwa kutenga mahali penye mwanga kwa ajili ya kuhesabia fedha, kubandika maelezo ya alama za noti halali na kuwakumbusha wauzaji, kabla ya mnada kufunguliwa, kwamba wana haki ya kukagua kila noti na kuangalia salio kabla ya kuachia mali yao. Mnunuzi mwaminifu hapotezi chochote kwa kusubiri dakika hizo chache.